Kutoka Posho ya Manamba Hadi Sahani ya Chuo: Mahindi Yalivyoshika Jiko la Tanga

Wanachuo wenzangu, naanza kwa kukiri kosa. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya sekondari ya kata wilayani Muheza, nilikabidhiwa daftari la michango ya chakula cha mchana. Daftari lilikuwa na safu mbili tu: mahindi na maharage. Kila mzazi alitakiwa kuleta debe moja la mahindi na kilo tatu za maharage kwa muhula. Mtoto ambaye mzazi wake hajatoa alikuwa hali.

Asubuhi moja alifika mama mmoja na gunia nyuma ya bodaboda. Nilimwamkia, akaitika, "Marahaba mwanangu." Kisha akaeleza kwamba mahindi yake yalikauka shambani yakiwa bado yanatoa mbelewele, hakuvuna kitu. Ila mihogo anayo, ameichimba alfajiri, ameileta badala ya debe la mahindi. Nikaangalia daftari. Hakukuwa na safu ya mihogo. Nikamwambia haipokelewi.

Hakugomba. Aliniuliza tu, "Kwani mwalimu, mihogo siku hizi si chakula?"

Nilikosa jibu. Yule mama akaipeleka mihogo barabara ya Segera, akaiuza kwa bei ya kutupa, kisha akanunua mahindi dukani. Ilimchukua siku kadhaa, na siku zote hizo binti yake alikaa chini ya mwembe wenzake wakila. Mahindi aliyoleta mwishoni yalikuwa yametoka soko la Kibaigwa, mkoani Dodoma. Yaani mama wa Muheza aliuza chakula cha Muheza kwa hasara ili anunue chakula kilichopanda lori kutoka Dodoma, na mimi ndiye niliyeandika "amepokelewa".

Somo hili nimeliandaa ili kujibu swali la yule mama. Ni lini, na kwa njia gani, mahindi yalikuja kuwa ndiyo chakula, na vingine vyote vikawa vya kubahatisha?

Wageni wawili wa jahazi moja

Tuanze na jambo ambalo wengi hatulijui. Mahindi si zao la asili yetu. Asili yake ni Mexico. Lakini mhogo nao si wetu, umetoka Amerika ya Kusini. Mazao yote mawili yalivuka bahari baada ya Wareno kufika pwani hii kuanzia mwaka 1498. Jina lenyewe, mahindi, linabeba kumbukumbu kwamba nafaka hii ilihesabiwa kuwa kitu cha kutoka ng'ambo. Kabla ya hapo nafaka kubwa ya wakulima wa huku ilikuwa mtama, na pwani kulikuwa na mpunga, ndizi na nazi.

Kwa hiyo asije mtu akasema mhogo ni wa jadi na mahindi ni ya kigeni. Vyote viwili ni vya kigeni vilivyopata uraia. Kwa muda mrefu viliishi pamoja shambani na mtama na kunde, kila kimoja na kazi yake. Mahindi yaliliwa sana mabichi, ya kuchoma au kuchemsha, katika kipindi kile ambacho ghala limekwisha na mtama haujakomaa. Yalikuwa chakula kimoja kati ya vingi.

Wazee wa Tanga husema waja leo, waondoka leo. Mahindi yalikuja na hayakuondoka. Kilichoyakalisha ni mkonge.

Mkonge hauliwi, lakini ulibadilisha mlo

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, kupitia Hamburg. Iliyofika hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 yalitokea mashamba yaliyofunika Pangani, Muheza, Korogwe na kuendelea. Mwaka huohuo wa 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga mjini, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia treni ilikuwa imeshafika Moshi. Katika miaka ya 1960 Tanganyika ndiyo iliyoongoza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 uzalishaji ulipita tani 200,000.

Sasa, mkonge una tabia mbili. Ya kwanza, unahitaji watu wengi sana wa kukata majani. Ya pili, haupikwi. Shamba la mkonge lenye watu elfu moja ni shamba lenye midomo elfu moja isiyolima chakula.

Watu hao walitoka mbali: Kigoma, Songea, Iringa, Mbeya, wengine Ruanda-Urundi na Msumbiji. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikwa kwa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyokusanya watu mikoani na kuwasafirisha hadi mashambani. Kufikia miaka ya 1950 sekta ya mkonge ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 100,000. Mfanyakazi alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Na pamoja na kipande alipewa posho.

Neno hili, posho, tulisimamie kidogo. Leo tukilisikia tunafikiria posho ya kikao. Zamani lilimaanisha chakula kilichopimwa na kugawiwa kwa mfanyakazi au mpagazi. Na katika mashamba chakula hicho kilikuwa hasa unga wa mahindi, pamoja na maharage na chumvi. Ukivuka kwenda Uganda leo ukaagiza posho, utaletewa ugali. Jina la mgawo limekuwa jina la chakula chenyewe. Kwangu huo ni ushahidi mzuri kuliko takwimu yoyote: kwa mamilioni ya watu, ugali wa mahindi uliingia kupitia mzani wa mwajiri.

Kwa nini mahindi, si mhogo?

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mwenye shamba hakuchagua mahindi kwa sababu ni matamu. Alichagua kwa hesabu.

Kwanza, mahindi makavu yanakaa. Mhogo ukichimbwa huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu. Ndizi nazo huiva na kuoza. Gunia la mahindi linaweza kusubiri treni, kusubiri meli, kusubiri mwisho wa mwezi.

Pili, mahindi yanapimika. Ni rahisi kuandika kitabuni kwamba kila mtu kapata kiasi fulani cha unga. Jaribu kugawa mihogo kwa watu elfu moja bila ugomvi: huu mnene, ule una mizizi, ule mchungu.

Tatu, mahindi yanaingia mashineni. Kinu kimoja kinasaga chakula cha kambi nzima, hakuna haja ya wanawake wa kutwanga. Na kambi za manamba zilijaa wanaume walioacha wake zao makwao.

Nne, hata mkulima mdogo aliona faida. Mtama unaliwa na ndege, kwa hiyo watoto lazima washinde shambani wakiwafukuza. Mahindi yamevaa ganda. Watoto walipoanza kwenda shule, mahindi yakawa rafiki wa familia.

Ukizitazama sababu hizi, hakuna hata moja inayohusu lishe, ladha, wala mvua ya Tanga. Zote zinahusu kuhifadhi, kupima, kusafirisha na kusaga. Hiyo ndiyo maana ya chakula cha kiviwanda. Si lazima uone trekta kubwa. Ukiona chakula kimechaguliwa kwa sababu kinafaa ghala na lori kuliko kinavyofaa shamba na tumbo, umekiona.

Weupe wa ugali ulitoka wapi?

Kuna mtu atasema, "Lakini sisi tunapenda ugali mweupe, hiyo ni jadi." Mahindi yaliyoletwa zamani yalikuwa ya rangi nyingi: manjano, mekundu, ya madoadoa. Walowezi wa Kenya na Kusini mwa Afrika walipoanza kuuza mahindi Uingereza, wanunuzi wa viwanda vya wanga walilipa vizuri zaidi mahindi meupe ya aina moja. Walowezi wakayapanda, masoko yakayatenga kwa madaraja, na mbegu hizo zikasambaa hadi kwa wakulima wetu. Baadaye utafiti ukaendelea kwenye njia hiyohiyo. Mwaka 1964 kituo cha Kitale, Kenya, kilitoa mbegu chotara ya H611, na familia yake ya mbegu ilivuka mpaka hadi nyanda zetu za juu. Zilikuwa nyeupe pia.

Mbegu chotara inazaa sana msimu wa kwanza, lakini ukihifadhi punje zake upande tena, mazao hushuka. Kwa hiyo kila msimu mkulima anarudi dukani. Kwa mwenye mvua ya uhakika na hela ya mbolea, hesabu inalipa. Kwa yule mama wa Muheza, ambaye vuli inaweza isifike, ni kamari ya kila mwaka. Mahindi yakikosa maji wiki chache tu wakati wa kuchanua, basi. Mhogo ukikosa maji unapunguza majani na kusubiri.

Kisha kuna suala la sembe. Mashine ya kukoboa inaondoa ganda na kiini. Unga unakuwa mweupe na unakaa muda mrefu bila kuchacha, kwa sababu mafuta yalikuwa kwenye kiini. Lakini humo ndimo zilimokuwa pia vitamini za kundi B na madini mengi. Vinavyotolewa vinaitwa pumba, tunawapa ng'ombe na kuku. Binadamu anabaki na wanga, na baadaye tunaambiwa tununue unga ulioongezwa virutubishi.

Njaa, shirika la umma na unga wa yanga

Mtu asidhani haya yote yaliishia kwa wakoloni. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa. Soko lilikuwa tayari linaporomoka kwa sababu dunia ilikuwa imegundua kamba za plastiki, na uzalishaji ulizidi kushuka. Kambi zikafa, lakini watu wakabaki, na mlo wao ukabaki.

Serikali nayo ilihitaji chakula kinachoweza kununuliwa, kutunzwa na kugawiwa nchi nzima, ikafikia hesabu ileile ya mwenye shamba. Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, likawa mnunuzi na msagaji mkuu. Katikati ya miaka ya 1970 mahindi yaliwekewa bei moja nchi nzima, hata kwa mkulima aliye mbali kabisa na soko. Hapo ndipo Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zilipopata nguvu kama ghala la taifa. Ilikuwa sera yenye nia njema, na iliwanufaisha wakulima wengi wa kusini. Ila ilituma ujumbe mmoja kwa kila kijiji: chakula ni mahindi.

Ukame wa 1973 hadi 1975 ulipokuja, wakati uleule ambapo watu walikuwa wakihamishiwa vijijini, taifa liliagiza nafaka kutoka nje. Wazazi wetu wanaukumbuka unga wa yanga, wa mahindi ya njano kutoka Marekani. Watu waliudharau, wakasema ni chakula cha mifugo. Na kweli, kwao mahindi mengi hayo huliwa na mifugo. Lakini mahindi ya njano yana viini vya vitamini A ambavyo meupe hayana. Tulidharau kilicho bora kidogo kwa sababu macho yalishafundishwa weupe.

Na biashara hii ya mahindi ya dunia ilituletea mgeni mwingine. Kuelekea mwaka 1980 wakulima wa Tabora waliona mdudu mpya aliyegeuza mahindi ghalani kuwa vumbi. Wataalamu wanamwita dumuzi, wakulima walimpa jina la Scania, kama lile lori. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, kama mahindi yenyewe, na inaaminika aliingia ndani ya mahindi yaliyoagizwa. Ubaya wake ni kwamba hali mahindi tu, anakula na makopa. Yaani hata akiba ya mhogo mkavu, kinga ya pwani dhidi ya njaa, ilishambuliwa na mdudu aliyekuja na mahindi.

Mahindi usiyoyaona

Marekani huvuna zaidi ya tani milioni 300 za mahindi kwa mwaka. Sehemu ndogo tu ndiyo inayoliwa kama mahindi. Nyingine hulisha ng'ombe, nguruwe na kuku, nyingine hugeuzwa mafuta ya magari, nyingine hugeuzwa sharubati ya kutia utamu kwenye soda na biskuti. Mmarekani anakula mahindi bila kuyaona.

Sisi tunavuna zaidi ya tani milioni 5, na nyingi tunazila waziwazi, ugali na uji. Lakini tusijidanganye, na sisi tumeanza kuyala kwa kificho. Chukua zege la hapa nje ya geti. Viazi vinaweza kuwa vya Lushoto, ila yai limetoka kwa kuku aliyelishwa mahindi na pumba. Maziwa ya Tanga tunayojivunia yanatokana pia na ng'ombe wanaoongezewa pumba. Bei ya mahindi ikipanda Kibaigwa, inapanda kwa mama lishe, kwenye trei la mayai na kwenye chai ya maziwa kwa mpigo mmoja. Boom haliongezeki.

Na hatari si bei tu. Mwaka 2016 watu 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yasiyokauka vizuri. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi, navyo kutoka Amerika, vilithibitishwa nchini. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu. Chakula kikiwa kimoja, tatizo moja linatosha kutikisa kila sahani.

Kilichokuwa kilimani wakati wote

Sasa nirudi Muheza, maana hili ndilo lililoniuma zaidi nilipolisoma. Juu ya milima ya Usambara Mashariki, ndani ya wilaya ileile, kuna Amani. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902. Katika miaka ya 1930, mwanasayansi H. H. Storey na wenzake walianza kushughulikia magonjwa mawili ya mhogo, batobato na michirizi kahawia. Ugonjwa wa michirizi kahawia ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza kutokana na kazi yao, mwaka 1936. Waliuchanganya mhogo na jamaa yake wa mwituni hadi wakapata aina zenye ukinzani. Mbegu za Amani zilipelekwa hadi Nigeria, na uzao wake ukawa msingi wa mihogo inayostahimili batobato katika sehemu kubwa ya Afrika.

Hebu tafakari. Mhogo uliolisha Afrika Magharibi una babu yake Muheza, na shule ya Muheza haina safu ya kuuandika mhogo. Na aliyeshika daftari ni mwalimu mtarajiwa.

Lazima niwe mkweli pia kwa upande wa mahindi. Mahindi yana protini kama asilimia 9, unga wa mhogo una asilimia 2 au 3 tu. Mihogo michungu isipoandaliwa vizuri ina sumu inayodhuru. Mtoto hawezi kuishi kwa mhogo mtupu. Kwa hiyo sisemi tutupe mahindi. Mhogo kwa kunde, samaki na kisamvu ni mlo kamili, na bibi zetu walijua hivyo. Sembe na maharage yenye maji mengi si mlo bora zaidi kwa sababu tu umeandikwa kwenye daftari.

Niliporudi darasani nilifanya zoezi. Kidato cha pili waliorodhesha kila walichokula kwa siku tatu, kisha tukachora njia ya kila chakula hadi shambani. Karibu kila mstari ubaoni uliishia kwenye mahindi, na mistari mingi ilitoka nje ya mkoa. Yule binti aliyekaa chini ya mwembe aliinua mkono akaeleza hatua za kutengeneza makopa, moja baada ya nyingine, na darasa zima liliandika. Baada ya wiki hiyo nilimwomba mwalimu wa zamu tuongeze safu ya tatu kwenye daftari. Alisema atalipeleka kwenye kikao cha wazazi. Nilimaliza mazoezi kabla kikao hakijakaa.

Wewe unayekwenda kufundisha mwakani, utakabidhiwa daftari kama lile. Kabla hujaandika jina la kwanza, uliza nani alichora safu zake, na kwa hesabu ya nani.

Maswali ya kujadili

1. Taja vyakula vitano ulivyokula wiki hii. Ni vingapi vina mahindi ndani yake, yanayoonekana au yaliyojificha?
2. Kwa nini chakula kinachofaa ghala si lazima kifae shamba? Toa mfano wa wilaya unayotoka.
3. Kama wewe ni mkuu wa shule ya pwani, utapokeaje mihogo bila kupunguza protini kwenye sahani ya mwanafunzi?